Nzi wa Manyoya Laini kwa Samaki Trauti: Jinsi ya Kumfunga na Kumvulia

Maswali haya huulizwa kila msimu, karibu kwa maneno yaleyale. Unyoya uzungushwe mara ngapi? Kwa nini nzi wangu ni mnene kuliko wa pichani? Nirushe kuelekea juu ya mto au chini? Na kwa nini trauti ananigusa tu kisha anaenda zake? Nimeyajibu hapa kwa mpangilio utakaoufuata ukiwa mezani, kisha ukiwa mtoni.

Nzi tunayemzungumzia ni nzi wa bandia wa kuzama, wa jadi ya kaskazini mwa Uingereza, hasa Yorkshire, na ya mito ya Uskoti. Ana mwili wa uzi wa hariri na kola ya unyoya laini wa ndege, basi. Hana mkia wala mabawa. Ukimtazama akiwa mkavu kiganjani unaweza kudhani fundi aliacha kazi katikati. Mtie majini uone. Nyuzi za kola zinalegea, zinafunguka, zinajikunja kila mkondo unapobadilika, na trauti anaona kitu chenye uhai: tunutu, yaani mdudu mchanga wa majini, anayepanda kutoka chini ya mto kwenda kutoa mabawa, au mdudu aliyelowa na kushindwa kuruka.

Kwa hiyo neno utakalolisoma tena na tena humu ni hili: weka kidogo. Uhai wa nzi huyu unatoka kwenye nyuzi chache zilizo huru. Kila unachoongeza kinazibana.

Andaa meza kwanza

- Ndoana za nzi wa kuzama, namba 12 na 14. Namba ikipanda, ndoana inapungua ukubwa. Jifunzie kwenye 12, kisha uhamie 14, ambayo ndiyo utakayoivulia zaidi.
- Jiliwa ndogo ya kushikia ndoana.
- Uzi mwembamba wa hariri wa rangi ya chungwa, pamoja na kishikio chake.
- Kipande cha nta.
- Manyoya ya kahawia yenye madoadoa kutoka mgongoni mwa kwale wa kijivu wa Ulaya.
- Mkasi mdogo wenye ncha kali, koleo ndogo ya kushikia unyoya, sindano na vanishi.

Kuhusu manyoya nina la kusema zaidi, kwa sababu hapo ndipo wengi hupoteza pesa. Mfuko wa manyoya mchanganyiko ni rahisi kununua, lakini mengi ndani yake ni makubwa mno kwa ndoana namba 14. Ngozi nzima ya kwale ina gharama zaidi mwanzoni, ila inakupa manyoya madogo ya karibu na shingo na mabega, na hayo ndiyo adimu. Ukiipata ngozi, usianze kuchuna ovyo. Chambua manyoya kwa ukubwa, weka madogo peke yake, na usiyatumie kwa mazoezi.

Huna kwale? Tumia manyoya ya shingoni mwa kuku jike. Yale ya jogoo hayafai kazi hii, maana ni magumu na hukaa wima hata yakilowa. Kuyapima ni rahisi: shika unyoya kwa uti wake na uupulizie polepole. Nyuzi zikitikisika kwa pumzi hafifu, unafaa. Zikibaki zimesimama, uweke kando kwa ajili ya nzi wa kuelea.

Hariri nayo ina tabia ya kuzoea. Rangi ya chungwa inayong'aa kwenye kigurudumu hukolea ikipakwa nta, na ikilowa inaelekea kwenye kahawia nyekundu. Usiichague kwa jinsi inavyoonekana ikiwa kavu. Zungusha kipande kwenye ndoana, kiloweshe kwa maji, kisha uamue.

Kufunga nzi wa kwale na chungwa

Huyu ndiye wa kuanza naye. Ukimweza, umewaweza wengine wote wa ukoo wake.

1. Bana kijino cha ndoana, kile kilicho nyuma ya ncha, kwa koleo ya kawaida mpaka kilale. Fanya hivi kabla ya kufunga, kwa sababu ndoana dhaifu huvunjika hapa, na ni heri ivunjike ikiwa tupu. Kisha ishike kwenye jiliwa, shina, yaani sehemu iliyonyooka, likiwa limelala sawa.

2. Andaa unyoya. Chuna manyoya ya chini yaliyo kama pamba mpaka ubaki na nyuzi safi. Pima urefu wa nyuzi kwa kuzilaza kando ya ndoana: kutoka nyuma ya tundu (pale uzi wa kuvulia hufungwa) zifike mwanzo wa pindo (mkunjo wa ndoana), au zizidi kidogo tu. Sasa shika ncha ya unyoya kwa vidole vya mkono mmoja, na kwa mkono mwingine rudisha nyuzi nyingine nyuma kuelekea kwenye uti. Utabaki na pembetatu ndogo nchani, na nyuzi zilizotanda pande mbili. Uweke pembeni.

3. Vuta uzi juu ya nta mara mbili. Nta huushikiza uzi kwenye chuma na kuifanya mizunguko isiteleze.

4. Anza kuzungusha uzi nyuma kidogo ya tundu, ukiacha wazi nafasi ya milimita 1 hivi. Nafasi hiyo ni ya kichwa cha nzi, na usipoiacha sasa hutaipata baadaye. Endelea kurudi nyuma, kila mzunguko ukigusana na uliotangulia bila kuupanda, na usimame usawa wa ncha ya ndoana. Kata kile kipande kifupi cha mwanzo wa uzi kilichobaki, si uzi unaozungushia.

Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea. Mkono unataka kuendelea mpaka kwenye pindo, kwa kuwa nzi wengine hufungwa hivyo. Huyu mwili wake ni mfupi. Simama usawa wa ncha.

5. Rudi mbele kwa mizunguko ileile inayogusana, mpaka pale ulipoanzia. Matabaka mawili ya hariri, na mwili umekwisha. Usiongeze la tatu.

6. Fungia unyoya kwa ile pembetatu ya nchani, juu ya shina, nyuma kidogo ya ile nafasi ya kichwa. Ncha ielekee tundu, uti uelekee nyuma, na uso unaong'aa uwe juu. Mizunguko miwili ya uzi inatosha, kisha kata ncha iliyozidi. Hakikisha: ukiusimamisha unyoya wima, uso unaong'aa utazame mbele kwenye tundu, na ule uliobonyea utazame pindo. Ukiukosea uso huu, kola itafunguka kuelekea mbele, na hakuna namna ya kuirekebisha isipokuwa kufungua na kuanza upya.

7. Shika mwisho wa uti kwa koleo ndogo. Zungusha unyoya mara moja, ukizilaza nyuzi nyuma kwa vidole vilivyolowa kidogo. Zungusha mara ya pili, mbele ya ule wa kwanza. Acha.

Najua unyoya utakuwa umebaki. Najua pia kwamba kola inaonekana chache, kana kwamba nzi atakosa nguvu ya kumwita samaki. Iache hivyohivyo. Nyuzi chache ndizo zinazoruhusu maji yapite katikati yake na kuzichezesha. Zikisongamana, zinashikana zikilowa na kugeuka kuwa ukuta. Nimewaona wavuvi wenye mikono stadi kuliko wangu wakizungusha mara moja na nusu tu.

8. Bana uti kwa mizunguko miwili au mitatu ya uzi na uukate karibu kabisa. Laza nyuzi zote nyuma, jenga kichwa kidogo kwa mizunguko michache, kisha maliza kwa fundo la kumalizia: uzi ujifunike wenyewe mara nne na uvutwe kukaza. Kama fundo hilo bado linakushinda, funga vitanzi vitatu vya kawaida, kimoja baada ya kingine, ukivisukuma kwenye kichwa kwa mrija wa kalamu ya wino.

9. Chovya ncha ya sindano kwenye vanishi na uguse kichwa mara moja. Tone likiingia kwenye kola, limekausha nyuzi na kuziua. Pitisha sindano kwenye tundu kabla vanishi haijakauka, ili usihangaike mtoni.

Funga sita wanaofanana kabla ya kubadili chochote. Wa sita ulinganishe na wa kwanza, na utaona mwenyewe mkono wako ulikokuwa unaongeza bila sababu.

Wengine wa ukoo huohuo

Badili hariri iwe ya njano na uache vingine vyote kama vilivyo: umepata kwale na njano, mzuri siku ambazo wadudu wanaotoka ni wa rangi hafifu.

Kwa maji ya baridi na siku za mwanzo wa msimu, wavuvi wa Yorkshire wana nzi wa manyoya ya kukuziwa. Hariri yake ni ya njano hafifu, na juu yake husokotwa ukungu mwembamba wa manyoya ya fuko. Kola hutoka sehemu ya ndani ya bawa la kukuziwa, yenye rangi ya moshi. Neno ukungu nalimaanisha hasa: hariri lazima ionekane kupitia manyoya ya fuko. Kama huioni njano, umeweka mengi. Kwa huyu, uanzishe uzi mbele kama kawaida na usokote manyoya ukiwa unarudi.

Wa tatu ni mweusi wa Stewart, anayebeba jina la mvuvi wa Uskoti wa karne ya 19: hariri ya kahawia na unyoya mdogo mweusi wa kwezi. Ni mdogo, ni mweusi, na hufaa mahali pengi.

Watatu hao na yule wa kwanza wanatosha msimu mzima. Usinunue manyoya ya ndege wengine kabla hujawavulia hawa, na popote ulipo usichukue manyoya ya ndege wanaolindwa na sheria.

Vifaa vya mtoni

Fimbo ya mita 2.7 ya mshipi namba 4 au 5 (namba hapa ni ya uzito wa mshipi), mshipi wa kuelea, na uzi wa mbele, ule unaounganisha mshipi na nzi, unaopungua unene na wenye urefu kama wa fimbo. Kipande cha mwisho kiwe cha unene wa milimita 0.18 kwa maji ya kasi, au 0.15 kwa maji yaliyotulia. Vaa miwani kila unaporusha, kwa sababu ndoana hupita karibu na uso. Chukua pia kibali na usome kanuni za mto huo. Kwingine hairuhusiwi kufunga zaidi ya nzi mmoja.

Anza na nzi mmoja hata kama wawili wanaruhusiwa. Wa pili huleta vifundo, na vifundo hula muda wa kujifunza.

Kumvulia nzi kwa kuvuka mto

Tafuta maji yanayokimbia juu ya mawe, kina cha goti hadi kiuno, yenye uso uliokunjamana. Hapo trauti hana nafasi ya kuchunguza chambo kwa muda mrefu, anaamua upesi.

1. Simama upande wa juu wa maji hayo. Usiingie mtoni mara moja. Samaki wengi hukaa karibu na ukingo, na anayeingia kwa haraka huwafukuza kabla ya kurusha. Rusha mara kadhaa kwa mshipi mfupi ukiwa nchi kavu.

2. Rusha kuvuka mto kwa kuelekea chini, pembe ya nyuzi 45 hivi. Maji yakiwa ya kasi, elekeza chini zaidi. Yakiwa ya polepole, vuka zaidi. Jinsi unavyoelekeza chini ndivyo nzi anavyokwenda taratibu.

3. Mara mshipi unapogusa maji, utazame. Mkondo wa katikati utaushika na kuutengenezea tumbo linalokwenda chini, na tumbo hilo litamburuta nzi kwa mwendo ambao hakuna mdudu anayeuweza. Inua fimbo na uupindue mshipi kuelekea juu ya mto, bila kumng'oa nzi alipo. Fanya mapema, ndani ya sekunde ya kwanza au mbili. Ukichelewa, nzi tayari anaburutwa, na kuupindua mshipi kutamtikisa tu.

Kama kuna kitu kimoja cha kufanyia mazoezi mwezi mzima, kiwe hiki. Nzi mzuri anayekwenda mbio hapati samaki. Nzi wa kawaida anayeteleza taratibu anapata. Mshipi wako ukikosa tumbo, umekwisha fanya sehemu kubwa ya kazi.

4. Fuatisha ncha ya fimbo na mshipi unavyozunguka kurudi upande wako. Usivute. Mkondo unatosha.

5. Mshipi ukinyooka chini yako, mwache nzi aning'inie pale kwa sekunde tano. Kisha inua fimbo polepole. Nzi atapanda kuelekea juu kama tunutu anayekwenda kutoka, na mara nyingi samaki aliyekuwa akimfuata huamua hapo.

6. Rudisha mshipi, shuka hatua moja au mbili, urushe tena. Mvuvi anayesimama mahali pamoja nusu saa anawaonyesha nzi samaki walewale.

Anapochukua

Katika uvuvi huu mshipi uko tayari umekazwa, kwa hiyo samaki mara nyingi hujinasa mwenyewe. Ukishtuka na kuinyanyua fimbo kwa nguvu, unamnyang'anya nzi au unakata uzi. Weka ncha ya fimbo juu kidogo ili mshipi uning'inie kwa ulegevu mdogo kati ya ncha na maji. Ukiona ulegevu huo unanyooka, ngoja usikie uzito wake, kisha inua taratibu.

Ukirusha kuelekea juu ya mto, kanuni hiyo inageuka. Njia hii ni ya jadi pia, na huenda ndiyo bora pale maji yanapokuwa machache na maangavu, kwa sababu unamjia samaki kutoka nyuma. Tumia mshipi mfupi, mita 5 au 6, fimbo ikiwa juu, na nzi aje na mkondo bila kuvutwa. Hapa mshipi una ulegevu, kwa hiyo mshipi ukisimama ghafla au ukitetemeka, inua fimbo mara moja. Ukingoja, ameshatema.

Kuna pia mbinu inayobeba jina la mvuvi James Leisenring wa Pennsylvania, Marekani, kwa ajili ya samaki ambaye unajua alipo. Rusha upande wa juu wa mto kutoka alipo, mwache nzi azame, na anapokaribia pale samaki alipo, simamisha fimbo ili mkondo umpandishe nzi mbele ya macho yake.

Utajuaje kwamba siku ni ya nzi wa kuzama? Tazama uso wa maji. Trauti akijitokeza na kuacha kiputo, mara nyingi amekula kitu kilichoelea. Ukiona maji yakivimba tu, au mgongo ukikatisha bila kiputo, anakula wanaopanda, chini kidogo ya uso. Saa hiyo ndiyo yako.

Samaki unayemrudisha mguse kwa mikono iliyolowa, umtoe ndoana akiwa ndani ya maji, na umshikilie akikabili mkondo mpaka aondoke kwa nguvu zake.

Mambo yakienda kombo

*Nyuzi za kola zinatazama mbele.* Unyoya umefungwa kwa uso usio sahihi, au hukuzilaza nyuzi nyuma ulipokuwa ukizungusha. Rudi hatua ya 6.

*Unyoya unakatika ninapozungusha.* Umeufungia kwenye ncha nyembamba mno, au koleo inavuta kwa nguvu. Ongeza kidogo ukubwa wa ile pembetatu. Manyoya ya zamani yaliyokauka yashikilie juu ya mvuke wa maji moto kwa muda mfupi.

*Kichwa kimeziba tundu.* Hukuacha ile milimita moja. Kwa nzi anayefuata, anzia nyuma zaidi.

*Nzi anaelea.* Nzi mpya ana hewa katikati ya nyuzi. Mloweshe kwenye kiganja na umkamue kwa vidole, au msugue kwa tope kidogo la ukingoni.

*Nzi anakata uso wa maji na kuacha mstari.* Mwendo ni wa kasi. Elekeza chini zaidi, upindue mshipi mapema, na ushushe ncha ya fimbo.

*Nasikia miguso midogo, sinasi.* Hili ndilo linalowavunja moyo wengi. Angalia kwanza ncha ya ndoana: ivute juu ya ukucha, na ikiteleza bila kukwama, inolewe au ibadilishwe. Kisha punguza mwendo wa nzi. Ikishindikana, tumia ndoana ndogo zaidi, kutoka 14 kwenda 16. Samaki wadogo pia hugonga hivyo, na hao hawana dawa isipokuwa kusogea mahali pengine.

*Hakuna kinachotokea kabisa.* Badili kina kabla ya kubadili nzi. Rusha kwa kuelekea juu kidogo ili apate muda wa kuzama kabla ya kuanza kuzunguka. Wadudu wakianza kutoka, mrudishe karibu na uso.

*Kola imepungua baada ya samaki kadhaa.* Endelea kumvulia. Nzi aliyebaki na nyuzi nne au tano mara nyingi huvua vizuri kuliko alipokuwa mpya, na ninawatunza hao kwenye safu yao wenyewe ndani ya kisanduku. Ukifika nyumbani acha kisanduku wazi usiku kucha, la sivyo kutu itatoka kwenye ndoana na kupenya ndani ya hariri.